Namba tatu asiyeuzwa: mechi 770 za John Trollope

Mechi 770 za ligi, klabu moja, upande mmoja wa uwanja. John Trollope, beki wa kushoto (namba tatu), alianza kuichezea Swindon Town ya Uingereza Agosti 1960 dhidi ya Halifax Town, akiwa na umri wa miaka 17. Alipotundika daluga mwaka 1980 alikuwa ameshampita Jimmy Dickinson wa Portsmouth, aliyeshikilia rekodi ya mechi 764 za ligi kwa klabu moja. Katika miaka hiyo 20 Swindon haikucheza daraja la kwanza la Uingereza hata msimu mmoja. Ilikuwa timu ya daraja la tatu iliyopanda la pili, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena.

Habari zake zikisimuliwa, neno la kwanza huwa uaminifu, na mara nyingi maelezo yanaishia hapo. Alikuwa mwaminifu, na kijiji alikozaliwa, Wroughton, kiko jirani kabisa na mji. Lakini uaminifu peke yake haumfikishi mtu mechi 770. Kilichombeba zaidi ni nafasi aliyocheza, sheria za mikataba za wakati wake, na namna alivyoicheza nafasi hiyo.

Nianze na hesabu, maana hapa ndipo wengi hukosea. Daraja la tatu lilikuwa na timu 24, kila moja ikikutana na nyingine nyumbani na ugenini, kwa hiyo mechi 46 kwa msimu. Daraja la pili lilikuwa na timu 22, yaani mechi 42. Swindon ilikuwa daraja la tatu hadi 1963, la pili hadi 1965, la tatu hadi 1969, la pili hadi 1974, kisha ikarudi la tatu. Jumlisha misimu 20, kuanzia 1960/61 hadi 1979/80, unapata mechi 892, mbali na zile chache za mwanzo wa msimu wa 1980/81. Trollope alicheza karibu sita katika kila saba. Kombe la FA, Kombe la Ligi na mengineyo hayamo katika 770. Ukiyaingiza, jumla yake inafika 889. Kwa hiyo anayeweka 889 ya Trollope kando ya 764 ya Dickinson anachanganya mahesabu mawili, kwa sababu ile ya Dickinson ni ya ligi tu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini rekodi za namna hii hukaa madaraja ya chini. Misimu 17 kamili ya mechi 46 inakupa 782. Ligi Kuu ya Uingereza ya leo ina mechi 38 kwa msimu, na anayetaka kufika 770 huko anahitaji misimu zaidi ya 20 bila kukosa hata mechi moja, huku akishindania namba na wachezaji wanaonunuliwa kutoka dunia nzima kila dirisha la usajili linapofunguliwa.

Sasa tuje kwenye nafasi. Kocha aliyempa Trollope mechi yake ya kwanza, Bert Head, hakuwa na fedha za kununua wachezaji, akajaza kikosi vijana. Katika kundi hilo walikuwemo Ernie Hunt, Bobby Woodruff, Mike Summerbee na, baadaye kidogo, winga wa kushoto Don Rogers. Mwaka 1963 wakapanda daraja. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Woodruff aliuzwa Wolverhampton Wanderers mwaka 1964. Mwaka 1965 Hunt alimfuata huko huko, na Summerbee akaenda Manchester City, ambako alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1968. Rogers alikaa hadi 1972, akachukuliwa na Crystal Palace, iliyokuwa chini ya Bert Head yule yule.

Waangalie waliouzwa: straika, kiungo, mawinga. Fedha za usajili za miaka ile zilifuata magoli na wanaoyatengeneza. Rekodi za uhamisho za Uingereza kati ya 1960 na 1970 ni za watu kama Denis Law, Alan Ball na Martin Peters. Beki wa pembeni wa daraja la tatu hakuwa bidhaa. Klabu kubwa ikitaka namba tatu, mara nyingi ilimlea wake au ilimhamisha kiungo. Na Swindon nayo, ilipohitaji kulipa madeni, iliuza kile kilichokuwa na bei na kubaki na kile ambacho kingegharimu zaidi kukitafuta upya. Sisemi hili kumpunguzia Trollope heshima. Nasema kwamba mchezaji mzuri katika nafasi isiyopapatikiwa sokoni ana nafasi kubwa ya kubaki, na klabu yenye akili hulijua hilo.

Kulikuwa pia na sheria. Trollope alianza kazi wakati mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo cha pauni 20 kwa wiki. Kikomo kikafutwa Januari 1961. Ila kilichowafunga wachezaji zaidi kilikuwa utaratibu wa usajili: mkataba ukiisha, klabu iliweza kuendelea kushikilia usajili wako, na bila usajili huchezi kokote. Kesi ya mchezaji George Eastham dhidi ya Newcastle United mwaka 1963 iliulegeza utaratibu huo, haikuuvunja. Uhuru wa kuhama mkataba unapokwisha, hata kama klabu ya zamani bado ililipwa fidia, ulikuja mwaka 1978. Trollope alikuwa na miaka 35. Kwa hiyo miaka yake yote ya kuwa na soko ilipita kabla mchezaji hajawa na sauti kamili juu ya kuondoka kwake. Wasomaji wa leo wanaopima uaminifu wake kwa kipimo cha wachezaji wa baada ya kesi ya Bosman ya 1995, iliyowapa haki ya kuondoka bure mkataba unapokwisha, wanapaswa kuliweka hili mezani kwanza.

Kuna tukio la mwaka 1965 ninalolipenda sana kwa sababu linawakutanisha wenye rekodi wawili bila wao kucheza uwanja mmoja. Dickinson alizaliwa tarehe 24 Aprili 1925. Siku aliyotimiza miaka 40 alicheza mechi yake ya mwisho, ugenini Northampton, na Portsmouth ikihitaji pointi ili isishuke daraja. Ikapata sare. Wakati ule ushindi ulikuwa pointi mbili na sare moja. Portsmouth ikamaliza daraja la pili na pointi 34. Swindon ilikuwa na 33, ikashuka, na Trollope akiwa ndani ya kikosi hicho. Pointi ya mwisho ya Dickinson ndiyo iliyomrudisha daraja la tatu kijana ambaye miaka 15 baadaye angemvua rekodi.

Na katika miaka hiyo Trollope alikuwa hakosi kabisa. Kuanzia Aprili 1961 hadi Agosti 1968 alicheza mechi 368 mfululizo. Mtu akisoma haraka anadhani zote ni za ligi, lakini haziwezi kuwa. Misimu saba kamili kati ya 1961 na 1968 ina mechi 314 za ligi. Zilizosalia ni za makombe pamoja na zile chache za ncha mbili za mfululizo huo. Kwa ligi peke yake rekodi ya kutokosa ni ya Harold Bell wa Tranmere Rovers, mechi 401 kati ya 1946 na 1955, na yeye pia alizipata daraja la tatu, kanda ya kaskazini.

Mechi 368 bila kukosa zina uzito wa pekee ukikumbuka hali ya wakati ule. Mchezaji wa akiba hakuruhusiwa ligini hadi msimu wa 1965/66, na msimu huo aliingia mmoja tu, tena kwa majeraha pekee. Kubadilisha mchezaji kwa sababu za kiufundi kuliruhusiwa baadaye. Kabla ya kuruhusiwa mchezaji wa akiba, beki aliyeumia kifundo cha mguu dakika ya 20 alipelekwa winga ya kushoto, akasimama huko akichechemea hadi mwisho. Jeraha dogo ambalo leo lingepumzishwa siku kumi lilichezewa dakika 70 zaidi na kuwa la wiki sita. Pasaka ilileta mechi tatu ndani ya siku nne au tano, Krismasi mbili ndani ya siku mbili au tatu. Majira ya baridi ya 1962/63 theluji na barafu vilifunga viwanja kiasi kwamba raundi ya tatu ya Kombe la FA ilichukua siku 66 kumalizika, na mechi za ligi zilizoahirishwa zikalundikana hadi Mei. Huo ndio msimu Swindon ilipopanda, na Trollope hakukosa mechi.

Kilichokata mfululizo kilikuwa mkono uliovunjika, ugenini Hartlepool, mwanzoni mwa msimu wa 1968/69. Kuvunjika mfupa ni ajali. Hakusemi lolote juu ya namna mtu anavyoutunza mwili. Misuli ndiyo inayosema. Beki anayechana msuli wa nyuma ya paja kila baada ya miezi minne ana tatizo la namna anavyokimbia au anavyojipanga, na kwa namba tatu mara nyingi ni kujipanga.

Hapa nitakaa kidogo. Msuli wa nyuma ya paja huchanika zaidi mtu anapokimbia kwa kasi yote, pale mguu unapotupwa mbele kabla haujakanyaga. Beki wa pembeni hufika kasi hiyo katika hali mbili: anapopanda kushambulia, na anaporudi kwa sababu amepitwa. Ya pili ndiyo mbaya, kwa kuwa hukuichagua. Unageuka ghafla, nyonga haijafunguka, na hatua tatu za kwanza unazipiga mwili ukiwa umepinda. Anayedumu ni yule anayepunguza idadi ya mara anazolazimika kugeuka hivyo.

Anafanyaje? Kwanza hasimami uso kwa uso na winga. Anasimama ubavu ubavu, mguu mmoja nyuma ya mwenzake, nyonga tayari zimeelekea goli lake, ili kugeuka kuwe nusu ya kugeuka. Pili anachagua umbali mapema. Mita moja na nusu inatosha kwa kijana mwenye kasi. Akifika miaka 30 anaongeza hadi mita mbili au mbili na nusu, na anakubali kwamba krosi nyingine zitapigwa. Kosa la mabeki wengi wanaozeeka ni kushikilia umbali wa ujana wao. Tatu anaamua winga aende wapi kabla winga hajaamua. Enzi za Trollope winga wa kulia wa timu pinzani kwa kawaida alikuwa mtu wa mguu wa kulia, akitaka mstari wa pembeni ili apige krosi. Namba tatu alijipanga nusu hatua upande wa mstari, akamfungia njia hiyo na kumsukuma ndani, kwenye mguu wake dhaifu na kwa kiungo anayekuja kusaidia. Ukikosea hapa kwa kusimama katikati kabisa, winga ana njia mbili na wewe una kisio.

Trollope alikuwa na jambo jingine la kulitatua: mbele yake alicheza Don Rogers. Winga wa namna ile hurudi kukaba mara chache, na hakuna kocha mwenye busara angemtaka arudi sana, kwa kuwa mabao ya timu yalitoka kwake. Maana yake beki aliye nyuma yake hapandi ovyo. Mpira ukipotea kwa Rogers, nafasi ya mita 40 nyuma yake ni ya namba tatu peke yake. Kazi ya beki huyo ni kubaki nyumbani, kukatiza, kutoa pasi fupi kwa winga miguuni, na kujipanga tena. Namna hiyo haimpi mtu sifa magazetini. Inampa mbio chache za hatari kwa kila mechi, na kwa misimu 20 hilo ni jambo kubwa mno.

Tarehe 15 Machi 1969 kazi ya beki huyo na ya winga wake zilionekana Wembley. Trollope alikuwa amerudi kutoka kwenye mkono uliovunjika. Swindon ya daraja la tatu ilikutana na Arsenal katika fainali ya Kombe la Ligi, kwenye uwanja uliojaa tope baada ya mashindano ya farasi kuharibu nyasi na mvua kubwa kumalizia, na wachezaji kadhaa wa Arsenal wakiwa wametoka kuugua mafua. Roger Smart alifunga kwanza, Bobby Gould akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, kisha Rogers akafunga mawili katika muda wa nyongeza, la mwisho akikimbia na mpira kutoka karibu na mstari wa kati hadi akampita kipa Bob Wilson. Ikaisha 3-1. Kwa dakika 120 katika tope lile, Swindon ndiyo iliyobaki na miguu. Swindon ilipanda daraja msimu huo huo, ikimaliza ya pili nyuma ya Watford.

Mshindi wa kombe hilo alistahili kwenda Ulaya, ila Swindon ilikataliwa kwa kuwa ni timu ya daraja la tatu. Badala yake ikacheza na Roma mwaka 1969, ikafungwa 2-1 ugenini na kushinda 4-0 nyumbani. Mei 1970 ikaichapa Napoli 3-0 Naples kwenye fainali ya Kombe la Uingereza na Italia, mechi iliyosimamishwa dakika ya 79 kwa vurugu za mashabiki, na kombe likabaki kwa Swindon.

Miaka ya 1970 ilikuwa migumu zaidi. Timu ikashuka mwaka 1974. Mwishoni mwa muongo Trollope aliacha kucheza na kuanza kufundisha vijana wa klabu, kisha kikosi cha kwanza kilipopwaya akaombwa arudi, akarudi. Bila kurudi huko rekodi ya Dickinson isingevunjwa. Nadhani hapa ndipo hoja ya uaminifu inapopata uzito wake halisi: mtu wa miaka zaidi ya 35, mwenye kazi nyingine tayari, anarudi kwenye mazoezi ya msimu mzima kwa ajili ya timu ya daraja la tatu. Baadaye, kati ya 1981 na 1983, alikuwa kocha mkuu. Mwaka 1982 Swindon ikashuka daraja la nne kwa mara ya kwanza katika historia yake, naye akiwa usukani. Watu wa Swindon hawakumhesabia hilo kama walivyomhesabia yale 770.

Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 40, na aliyeivunja ni namba tatu mwingine. Dean Lewington, mzaliwa wa Mei 1984, beki wa mguu wa kushoto, aliipita 770 katika msimu wa 2023/24 akiwa na MK Dons, na akastaafu mwisho wa msimu wa 2024/25. Dickinson naye alicheza kushoto, kiungo mwenye jezi namba sita. Watu watatu walioshikilia rekodi hii kwa kupokezana, wote wa upande wa kushoto. Siamini ni bahati tupu. Wenye mguu wa kushoto ni wachache, kwa hiyo klabu ya chini ikishampata anayeaminika haina haraka ya kumtafutia mrithi.

Katika idadi ya Lewington zimo mechi karibu 30 alizocheza klabu ikiitwa bado Wimbledon, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 2004 baada ya kuhamia Milton Keynes. Usajili ulikuwa wa klabu hiyo hiyo, na ligi ilizihesabu. Wapo wasiokubali, kwa sababu heshima na makombe ya Wimbledon vilirudishwa London mwaka 2007. Msimamo wangu ni kwamba mchezaji hahusiki na jina kubadilishwa. Aliyeingia kikosini Aprili 2003 na aliyetoka 2025 ni mtu yule yule chini ya usajili uleule.

Kazi yake ilikuwa tofauti na ya Trollope kwa mambo mawili makubwa. Mawinga wa kulia wa siku hizi wengi ni wa mguu wa kushoto wanaokata kuingia ndani, hivyo namba tatu anajipanga kinyume kabisa: anafunga ndani, anamwachia mstari wa pembeni. Beki aliyefundishwa mtindo wa zamani akimfungia mstari winga wa namna hiyo, anamfungulia goli. La pili ni kwamba Lewington, miguu ilipopungua kasi, alihamishwa akawa beki wa kati upande wa kushoto katika safu ya mabeki watatu, hasa timu ilipofundishwa kucheza kwa pasi kutoka nyuma. Mbio ndefu zikachukuliwa na mwenzake wa pembeni, yeye akabaki na kile kisichozeeka: mguu wa kushoto wa kupiga pasi ya mshazari na jicho la kusoma hatari.

Vikwazo vya leo pia si vile vya 1963. Kadi tano za njano hadi mechi ya 19 ya ligi zinakufungia mechi moja. Kumi hadi mechi ya 37, unafungiwa mechi mbili. Beki anayevuta jezi kila wiki hupoteza mechi mbili tatu kwa msimu, na kwa misimu 20 ni kama msimu mzima umepotea. Jumamosi, Jumanne, Jumamosi ndiyo ratiba ya kawaida ya kuanzia Agosti hadi Mei, na baada ya miaka 32 kinacholeta shida zaidi mara nyingi ni kigimbi, kwa sababu hakipati saa 72 za kupona. Mikataba nayo ni mifupi. Kwa mchezaji mkongwe wa madaraja ya chini ni mwaka mmoja mmoja, unaisha 30 Juni, na mara nyingi una kipengele cha kuongezeka mwaka endapo atafikisha idadi fulani ya mechi. Kocha mpya asipompanga, kipengele hakifikiwi, na mwezi Mei jina lake linatokea kwenye orodha ya wanaoachwa.  Lewington aliuvuka mwezi huo miaka mingi, chini ya makocha wengi.